Mkononi mwa Leoncio

Kwetu Waychupata, kijiji cha milimani, nyumba haihamiwi mpaka ubao ufike. Unaweza kujenga kuta nene za udongo, ukaweka mlango wa mbao za mjini na kufuli la shaba, lakini siku ya kuezeka, kabla tita la kwanza la nyasi halijapanda, kompadre wako lazima aje na ubao begani. Kompadre ni yule aliyemsimamia mwanao ubatizo. Tangu siku hiyo nyinyi wawili ni zaidi ya ndugu, maana ndugu mnaweza kununiana lakini kompadre hanuniwi. Ubao wenyewe ni mrefu kuliko mtu, mwembamba, umepakwa chokaa ukachorwa kwa unyoya na rangi za udongo, na unasomwa kutoka chini kwenda juu. Chini kabisa yupo Bikira, juu yake kompadre na mkewe, kisha wenye nyumba, kisha ndugu zao wote, kila mtu na kazi yake mkononi, mpaka unafika kwenye jua. Unafungwa kwenye boriti, unakula moshi wa jiko miaka yote, na ukilala chali kitandani ukoo wako mzima unakutazama.

Anayechorwa haulizwi. Kompadre ndiye anayeagiza, mchoraji ndiye anayechora, na mwenye nyumba anaona siku hiyo hiyo watu wote wanapoona. Mjomba Hilario alichorwa amelala huku ng'ombe wakila mahindi ya jirani. Anaapa alilala mara moja tu. Mara moja au mara mia, hayo ni yake na Mungu wake. Sisi tunaye amelala mpaka leo. Shangazi Eufemia yeye alisahauliwa. Alikwenda akaketi mlangoni kwa kompadre aliyemsahau, akasusa kula, mpaka mchoraji akaja na unyoya wake akambana katikati ya punda na ukuta. Ukichungulia vizuri utaona punda amemkanyaga kidole. Lakini yupo, na kwetu kuwepo ndiyo habari.

Nilipopata nafasi ya chuo kikuu mjini Ayacucho niliingia darasa la Daktari Arístides Olarte, bwana mwembamba mwenye kikohozi, aliyefundisha utamaduni wa siasa na sanaa katika nchi zote zinazosema Kihispania. Nchi hizo ni nyingi, na yeye alizisimulia kana kwamba ni mtaa mmoja wa wagomvi. Alituonyesha kuta kubwa zilizochorwa wakulima wenye mikono kama magogo, mabango ya ngumi, vinyago vya kanivali vyenye sura ya rais. Nilikaa kiti cha mbele nimeduwaa. Sikujua kabla ya hapo kwamba mtu anaweza kufungwa jela kwa sababu ya rangi nyekundu iliyopakwa mahali pasipotakiwa.

"Msiniambie mchoro unasema nini," alikuwa akituambia. "Niambieni ulifanya nini. Baada ya kuchorwa, nani alilia, nani alihama, nani alikosa usingizi?"

Kila mwanafunzi alitakiwa achague kazi moja ya sanaa aichunguze muhula mzima. Wenzangu walichagua kuta za miji mikubwa. Mimi nikasema nitachunguza mbao za kwetu.

"Mbao za darini?" akacheka kijana mmoja nyuma yangu.

Nikamgeukia. "Ndiyo, za darini. Kwenu darini mnachora nini, buibui?"

Darasa likaangua kicheko, lakini Daktari Olarte hakucheka. "Na mbao za kwenu zilifanya nini, Delfina?"

Nikakaa chini. Jibu nilikuwa nalo, ila si jibu la kutoa mbele ya watu wanaotafuna karanga.

Ubao wa kwetu ulimuua kaka yangu. Nasema hivyo kwa kuwa ndivyo mama yangu, Saturnina, alivyokuwa akisema tangu nilipopata akili ya kusikia. Leoncio alikuwa kifungua mimba wake. Alikuwa mtoto wa kwanza wa ukoo wetu kushuka bondeni kusoma, kwa hiyo kwenye ubao wa nyumba ya baba alichorwa ameshika kitabu, kimefunguliwa kifuani, na wazazi wakajivuna nacho. Kisha ikaja ile miaka mibaya. Waasi walishuka mlimani kudai chakula na vijana. Wanajeshi walipanda kutoka bondeni kuuliza nani aliwapa chakula. Siku wanajeshi walipoingia kwetu, mkubwa wao, mtu wa pwani asiyepata kuona kitu kama kile, aliinua kichwa akauona ubao. Akausoma. Baba na jembe, mama na pia la kusokotea sufu, kaka yangu wa pili Teodosio na kondoo, na mmoja na kitabu.

"Huyu wa kitabu ni nani?" akauliza.

Wakati ule, kitabu mkononi mwa kijana wa milimani kilikuwa sawa na bunduki machoni mwao. Baba alinyamaza. Mama alinyamaza. Lakini walikuwa na Mzee Eleuterio Huauya, mkuu wa sungusungu wetu, waliyekuwa wakimtanguliza nyumba kwa nyumba na mtutu shingoni. Wakamuuliza yeye. Akasema, "Leoncio." Hakuongeza neno. Walimfuata shambani alikokuwa akinyweshea mahindi, wakateremka naye njia ya darajani, na hakuna aliyemwona tena. Alikuwa na miaka kumi na saba. Mimi nilikuwa mgongoni kwa mama, nimefungwa kwa shuka, nanyonya kidole.

Jioni ile mama alipanda juu ya kitanda, akaufungua ubao kwenye boriti, akautia jikoni ukawaka wote. Picha pekee ya Leoncio ilikuwa kwenye kitambulisho cha shule, nacho kilikuwa mfukoni mwake. Basi haikubaki sura yake mahali popote duniani. Nilikua nikiambiwa nina nyusi zake. Nimezitazama sana nyusi zangu kwenye kioo, lakini nyusi peke yake hazifanyi mtu.

Tangu siku ile mama hakumsemesha Mzee Eleuterio. Katika kijiji kidogo kama chetu, kumnyamazia mtu miaka ishirini na kitu ni kazi kama kulima. Wakikutana kisimani, mzee husimama kando akampisha, naye mama hupita na ndoo yake akimtazama kama ukuta. Baba alikufa, mama akaendelea. Na huyo Eleuterio ndiye ambaye kaka yangu Teodosio alimfanya kompadre.

Msimlaumu upesi. Wilmer, mwana wa Teodosio, alishikwa na homa kali katikati ya masika, daraja limechukuliwa na maji, na aliyembeba mtoto mgongoni, akavuka mto kwa kamba, akamfikisha zahanati ya bondeni, ni Mzee Eleuterio, mtu aliyekwisha kupita sitini. Mtoto alipopona, Teodosio alimuuliza atamlipa nini. Mzee akasema hataki kitu. Sasa mtu asiyetaka kitu utamfanyaje? Teodosio akamwomba awe baba wa ubatizo. Mama hakwenda kanisani.

Nilirudi nyumbani Agosti, mwezi wa kuezeka, nikakuta kuta za nyumba mpya ya Teodosio zimesimama, boriti zimepanda, na ndani ya familia vita imepamba moto. Mama alikuwa kwenye ngozi yake ya kondoo anasokota sufu, na kila sharti alilitoa bila kuinua macho.

"Leoncio asipokuwepo kwenye huo ubao, siingii nyumba hiyo. Nimezaa watatu, mkichora wawili mmejifunza wapi kuhesabu? Akiwepo na kitabu, siingii. Kitabu kilishamponza mara moja. Akiwepo na msalaba, nauchoma ubao pamoja na nyumba. Nani amemzika? Teodosio, wewe umemzika?"

"Hapana, mama. Sasa ashike nini?"

"Mimi mchoraji?"

"Na wakimpa bunduki je?" wifi yangu Zenaida akaropoka, kisha akajishika mdomo. Maana bado wapo kijijini wanaosema Leoncio alikuwa na waasi, wanasema polepole, wakiwa wamelewa.

Pia la mama likasimama. "Zenaida, mwanangu, viazi vyako vinaungua."

Hapakuwa na viazi motoni. Zenaida akaondoka kwenda kuvitazama hivyo hivyo.

Teodosio akanivuta nje. "Profesa, si wewe ndiye unasomea mambo haya? Nenda kaongee na kompadre."

"Kompadre wa nani? Nenda mwenyewe."

"Mimi siruhusiwi, wewe unajua. Mwenye nyumba akiulizia ubao, nyumba inaanguka."

"Na dada wa mwenye nyumba akiuliza?"

"Hilo wazee hawakulitaja." Akanitazama kwa macho ya kondoo. "Delfina, mama asipoingia humo ndani, mimi nitalalaje humo ndani?"

Basi nikajua hali ilivyo. Kijiji kizima kilikuwa na swali hilo moja: mkononi mwa Leoncio kutakuwa na nini? Wapo waliosema mzee hana ubavu, atamruka tu. Wengine wakasema atamchora mbali mlimani, mdogo kama mbuzi, ili kila mtu aone anachotaka. Shangazi Eufemia alinisimamisha njiani akanishika mkono. "Mwambie ampe punda," akasema. "Punda hana siasa."

Nilimkuta Mzee Eleuterio ameketi kwenye ukuta mfupi wa mawe nje ya nyumba yake, anatafuna majani ya koka. Mlango nyuma yake ulikuwa umefungwa, na harufu ya gundi ya mifupa ikipenya. Mpwa wake Valeriano, mchoraji, alikuwa ndani na ubao wetu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanachuo umerudi. Huko mjini mnakula nini, mbona umekonda?"

"Tunakula maneno, mzee."

"Hayashibishi hayo."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Akatikisa kichwa. "Ubao ni zawadi, Delfina. Zawadi haiulizwi."

"Siulizi. Nasema tu kwamba mama amesema…"

"Najua alichosema. Kijiji hiki kina masikio mengi kuliko viazi." Akahamisha koka kutoka shavu moja hadi jingine. "Na wewe umekuja kujua nimempa nini mkononi."

"Ndiyo."

"Ningejua ningekuwa nalala. Valeriano ananiuliza tangu mvua ziishe. Kila asubuhi anachanganya rangi, ananiuliza, mimi nafikiri, rangi zinakauka. Nikimpa kitabu, namkamatisha mara ya pili. Nikimpa filimbi… alikuwa anapiga filimbi huyo, hawakukuambia?"

"Hawakuniambia."

"Vibaya sana. Alikuwa anapiga vibaya mpaka kondoo wanahama. Lakini alikuwa anapiga." Akatabasamu kidogo, kisha akaacha. "Nikimpa filimbi, nitakuwa napamba msiba. Nikimwachia mikono mitupu, hiyo ndiyo aliyoondoka nayo, ameiweka juu ya kichwa. Niliiona."

Hapo nilishindwa kujizuia. Hasira ya kurithi ni mbaya, haina hata kumbukumbu ya kuipoza. "Kwa nini ulilitaja jina lake?" nikasema, na sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Nilikuwa na mtutu shingoni."

"Hata baba alikuwepo, na mitutu ilikuwepo."

"Ndiyo," akasema. "Baba yako alinyamaza."

Nilisubiri aendelee. Nilisubiri ile 'lakini' ambayo wakubwa wote huwa nayo mfukoni, niirukie. Hakuitoa. Alinitazama tu, majani shavuni, mzee mwenye mashavu yaliyoingia ndani. Kisha akasema, "Nenda, mwanangu. Mama yako asije akakuona njia ya kwangu." Nikaondoka nimeudhika zaidi ya nilivyokuja. Mtu akikataa kujitetea anakuachia hasira yako mikononi, hujui pa kuiweka.

Siku ya kuezeka ikafika. Wanaume walikuwa wamekata nyasi ndefu za mlimani, zimelala uani matita kwa matita. Wanawake walikuwa na masufuria ya mahindi ya kuchemsha, viazi, simbilisi wa kuchoma, na mitungi ya chicha, pombe ya mahindi, iliyoumuka mpaka inaongea peke yake. Mama alikuja. Watu wakashusha pumzi walipomwona, wakazipandisha tena walipoona alivyokaa: juu ya jiwe mbele ya nyumba, mgongo mlangoni, pia mkononi, kama mtu anayesubiri basi.

Tukasikia ngoma na filimbi juu ya kilima, kisha tukauona ubao ukishuka. Mzee Eleuterio mbele, Valeriano nyuma, ubao begani mwao umefungwa blanketi jekundu la sufu, na nyuma yao wanawake wa ukoo wao wakirusha punje za mahindi. Nimeuona msafara kama ule mara nyingi tangu utotoni. Siku ile nilijikuta nahesabu hatua zao.

Wakausimamisha ubao ukutani. Kompadre huufungua mwenyewe, kutoka chini kwenda juu, pole pole, na kila sehemu watu hunywa na kutaniana. Mzee alifungua pindo la kwanza. Bikira, na malaika wawili wapiga vinanda. Watu wakavua kofia, wakanywa.

Akafungua la pili, la kwake yeye na mkewe. Hapa ndipo watu hujiandaa kucheka, maana kompadre kila mara huchorwa amependeza kuliko alivyo, poncho mpya ya sufu mabegani, mashavu mekundu. Poncho ilikuwepo. Mkewe alikuwepo na shada la maua. Macho ya mzee yalikuwepo, pua, masharubu yake mawili. Chini ya masharubu palikuwa na chokaa tupu. Hakuwa na mdomo.

Ngoma ikanyamaza. Hakuna aliyeuliza kama mchoraji amesahau. Valeriano hasahau kitu, hata kidole cha Shangazi Eufemia chini ya kwato hakukisahau. Mzee mwenyewe alisimama kando ya ubao, uso wake wa kweli karibu na ule wa kuchorwa, akatuacha tutazame. Yalikuwa mambo ya kuagizwa, na aliyeagiza ni yeye, kwenye ubao utakaoning'inia katika nyumba ya watu wengine, utazamwe na wajukuu wa wajukuu, nao waulize, na waambiwe. Nimeona kuta maarufu tangu siku hiyo, nimesimama chini yake na daftari. Sijaona mahali pengine mtu akijihukumu hadharani namna ile bila kuomba apunguziwe. Nilitaka kukasirika na nikagundua sina tena cha kukasirikia.

Mama hakuwa ameona. Mgongo wake ulikuwa pale pale, pia likizunguka.

Pindo la tatu: Teodosio ananyonya kidole gumba alichokigonga kwa nyundo, na Zenaida na mwiko mkononi anamfokea. Kicheko kikaripuka, kikubwa kupita kiasi, cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Wilmer amepanda kondoo. Pindo la nne: mama na sufu yake, na mimi. Mimi nilikuwa ninakimbilia basi, begi linaruka mgongoni, na mdomo nimeachama. Mdomo aliomnyima mzee, Valeriano alinipa mimi, tena wa kutosha watu wawili. Shangazi Eufemia alicheka mpaka akashikilia tita la nyasi.

Likabaki pindo moja kabla ya jua. Mzee alilishika blanketi kwa mikono miwili. Teodosio aliinamisha kichwa. Kisha mzee akavuta.

Nilikuwa namtafuta mvulana wa miaka kumi na saba, na hakuwepo. Nilitafuta kitabu, msalaba, filimbi, hata punda. Kilichokuwepo ni nyumba hii hii ya Teodosio, na mlango wake huu huu wa buluu, na juu ya boriti zake amekaa mwanamume mtu mzima, miguu huku na huku, anainama kupokea tita la nyasi linalorushwa kutoka chini. Alikuwa na kitambi kidogo chini ya fulana. Alikuwa na mikunjo ya paji la uso na mvi mbili tatu juu ya sikio, kiraka gotini, kofia kichwani. Alikuwa na jasho. Walikuwa wamempa miaka yake yote, mmoja baada ya mwingine, hawakumpunja hata mmoja.

Baadaye Valeriano aliniambia walivyofanya. Mzee alikaa kando yake akimwelekeza: hapana, sasa angekuwa na mvi, mwongezee tumbo, wanaume wa ukoo ule wakipita thelathini wananenepa, goti, huyo tangu mtoto alikuwa anatoboa goti. Alikuwa amemkuza kichwani mwake kila mwaka, kimya kimya, kama mtu anayefuga mnyama aliyekatazwa.

Lakini hayo nilikuja kuyajua baadaye. Pale nilisimama mbele ya kaka yangu ambaye sikupata kumwona, na mara ya kwanza kumwona alikuwa anakaribia arobaini na yuko kazini. Nyusi zilikuwa zangu. Zilikuwa juu ya macho ya mtu mwingine, zinafanya kazi, zimekunjwa kwa ajili ya mwanga. Nililia bila aibu yoyote. Hapana mtu aliyekunywa.

Pia la mama lilikuwa limesimama.

"Delfina," akasema, bila kugeuka. "Ameshika nini?"

"Nyasi, mama." Nikafuta macho. "Anaezeka."

"Anaezeka wapi?"

"Hapa. Kwa Teodosio. Yuko juu ya paa."

Mama akageuka. Hakutazama ubao kwanza. Aliinua kichwa akatazama paa lenyewe, zile boriti tupu juu ya kuta na anga la Agosti nyuma yake, akazitazama kutoka pembe hii hadi pembe ile. Kisha ndipo akashusha macho, akainuka, na watu wakampisha.

Aliusoma kama unavyotakiwa kusomwa. Alianzia kwa Bikira, akajigusa kifuani. Akapanda kwa mzee asiye na mdomo, na hapo alikaa muda mrefu, mrefu mpaka Teodosio akanishika kiwiko. Mzee Eleuterio hakusogea wala hakutazama kando. Mama akapanda. Hakuwacheka Teodosio na kidole chake, wala mimi na basi langu. Alipofika kwa Leoncio aliinuka kwa vidole vya miguu, akanyoosha mkono, akaweka ukucha mmoja juu ya kile kitambi.

"Amenenepa," akasema.

Mtu mmoja nyuma akatoa sauti, sijui ilikuwa kicheko au kilio, naye hakujua. Mama aliendelea kumkagua: goti, mvi, mkono ulionyooshwa. Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtu aliyepokea mgeni wa mbali na anatafuta wapi safari imemchosha. Kisha nyusi zake zikakutana, akamgeukia Mzee Eleuterio, akamtazama usoni, si kama ukuta.

"Na hii kofia ya nini?" akasema. "Leoncio hakuwa mtu wa kofia. Nilikuwa namvalisha, anaiacha kwenye mahindi."

Midomo ya mzee ilihangaika. "Nitamwambia Valeriano aifute, Mama Leoncio. Sasa hivi."

Mama Leoncio. Tangu nizaliwe sikuwahi kusikia mtu akimwita jina hilo.

Mama aliinua tena kichwa kule juu, akakinga macho kwa kiganja. Jua lilikuwa limefika utosini na hapakuwa na wingu.

"Iache," akasema. "Atakaa juu huko mchana kutwa."

Akachomeka pia lake mshipini, akainama chini ya kizingiti cha mlango wa buluu, akaingia.